Dakika za Kusimama: Kilomita 1,200 Zinavyomalizwa kwa Saa 90

Usiku wa tatu wa mbio za mwaka 1891, kutoka Paris hadi Brest na kurudi, Jiel-Laval alikuwa mbele. Akalala kidogo. Charles Terront akampita akiwa usingizini, akaendelea kukanyaga pedeli, akaingia Paris baada ya saa 71 na dakika 22. Habari hiyo ikisimuliwa, sifa nyingi hupewa tairi: Terront alitumia za Michelin, mwenzake za Dunlop, na kampuni hizo mbili zilikuwa zikigombea soko jipya la tairi za upepo. Tairi zilikuwa na mchango wake, hilo halina ubishi. Lakini nafasi ya kwanza ilimponyoka Jiel-Laval akiwa amelala, na kati ya watu 207 walioanza, 99 tu ndio waliomaliza.

Leo Paris–Brest–Paris si mashindano tena. Audax Club Parisien huiandaa kila baada ya miaka 4 kwa ajili ya waendesha baiskeli wa ridhaa: walimu, mafundi, wauguzi, wastaafu. Mwaka 2023 zaidi ya watu 6,000 waliondoka Rambouillet, kusini-magharibi mwa Paris. Wa kwanza hapewi zawadi. Kila mmoja anatakiwa kumaliza zaidi ya kilomita 1,200 ndani ya muda aliouchagua, ambao kwa wengi ni saa 90, na kugongewa muhuri kwenye kila kituo cha ukaguzi.

Gawanya 1,200 kwa 90. Unapata kilomita 13.3 kwa saa, mwendo ambao mtu mwenye afya anaumudu bila kutweta. Kwa nini basi wenye mapafu makubwa na baiskeli za gharama huishia kando ya barabara? Kwa sababu saa haisimami wanaposimama wao. Anayekwenda kilomita 20 kwa saa atakaa juu ya tandiko saa 60. Zinabaki 30, na humo ndimo mlimo usingizi, chakula, foleni, choo, pancha, kujaza chupa na kubadili soksi zilizolowa.

Vituo ni kama 15. Mtu akipunguza nusu saa kwenye kila kimoja, ameokoa saa 7 na nusu. Akitaka kuzipata saa hizo kwa miguu yake, kasi ya 20 lazima ipande hadi karibu 23. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka hewa iingie kwenye hesabu, maana nguvu ya kuikata huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kutoka 20 hadi karibu 23 kwenye tambarare tulivu, misuli inadaiwa takribani nusu nyingine ya nguvu iliyokuwa ikitumika dhidi ya hewa. Mwenye umri wa miaka 50, mwenye kazi na familia, anaweza kufanya mazoezi msimu mzima asiifikie nyongeza hiyo. Nusu saa ya kituoni anaweza kuiokoa tangu safari yake ya kwanza.

Utaratibu wa kufuzu unafundisha jambo hilo, ingawa wengi hawalioni. Kabla ya kuruhusiwa kuanza, mwendeshaji hukamilisha safari nne ndani ya mwaka huohuo: kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20, 400 kwa saa 27, na 600 kwa saa 40. Ya kwanza ni ya kuwasha injini. Ya 300 hufichua udhaifu wa tumbo. Ya 400 humpitisha mtu usiku mzima barabarani, na hapo taa, nguo na akili hupimwa kwa pamoja. Ya 600 ndiyo yenye ukali wa kweli: wastani wake ni kilomita 15 kwa saa, juu ya ule wa safari kubwa, na kwa mara ya kwanza mtu anajiuliza kama alale, wapi, na kwa muda gani. Anayerudi kutoka kwenye safari hiyo na kuangalia kasi yake tu amesoma nusu ya matokeo. Kifaa kilichofungwa kwenye usukani hurekodi pia muda wa kusimama. Kama umefika saa 10 kati ya 40, mazoezi yake yanayofuata yaanzie hapo.

Suala la chakula lina hesabu yake. Glaikojeni iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hutoa takribani kilokalori 2,000, na mwendo wa wastani unaweza kuchoma kilokalori 500 kwa saa. Utumbo wa mtu asiyeuzoesha hupokea kama gramu 60 za wanga kwa saa, yaani kilokalori 240. Pengo linalobaki huzibwa na mafuta ya mwili, nayo huungua vizuri pale tu juhudi inapokuwa ya wastani. Kwa hiyo anayeanza kwa pupa usiku wa kwanza, akikimbizana na kundi lenye kasi, anaimaliza akiba ambayo hawezi kuirudisha kwa kula njiani. Anayejua hula kidogo kidogo akiwa anaendesha: ndizi, mkate, wali uliofungwa vizuri. Kula akiwa juu ya tandiko kunamwepusha pia na foleni ya mkahawa.

Halafu kuna usiku. Anayechagua saa 90 huanza Jumapili jioni. Akiondoka saa 12 jioni, muda wake unakwisha Alhamisi saa 6 mchana, na ameshapita usiku nne. Anayechagua saa 84 huanza Jumatatu alfajiri. Akiondoka saa 11, mwisho wake ni Alhamisi saa 11 jioni: usiku tatu, na wa kabla ya safari amelala kitandani kwake. Kwa mwenye kasi ya 22 na zaidi, huo ndio uamuzi mzuri kuliko wowote atakaoufanya, na anaufanya kabla hata hajaigusa baiskeli. Mwenye kasi ndogo anazihitaji zile saa 6.

Wa saa 90 wana tatizo jingine. Loudéac, karibu kilomita 440 kutoka mwanzo, hufikiwa na umati mkubwa Jumatatu usiku, wote wakihitaji kitanda, supu na bafu kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kupoteza saa nzima kabla ya kufumba jicho. Waliokwisha kupita huko hulala mapema zaidi, au husogea mbele hadi Carhaix. Wengine hulala saa moja na nusu mchana, wakaendesha usiku vituo vikiwa vimetulia. La kuepuka ni kujilazimisha kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, wakati mwili unadai usingizi kuliko wakati wowote. Mtu husinzia huku miguu ikizunguka, na mtaro hauko mbali.

Mwili una madai yake pia. Vidole hufa ganzi kwa kukandamizwa kwa neva ya kiganja. Shingo inaweza kulegea kabisa, kichwa kikakataa kuinuka. Hali hiyo imebeba jina la Michael Shermer, aliyepatwa nayo kwenye mbio za kuvuka Marekani mwaka 1983. Usukani ulioinuliwa kidogo, hata ukimpunguzia mtu kasi, hulipa siku ya tatu. Gia nyepesi vilevile: njia haina mlima mkubwa, na hata kilele chake, Roc'h Trevezel, hakifiki mita 400, ila vilima vidogo visivyokwisha hujumlisha karibu mita 12,000 za kupanda. Na dainamo ya kwenye kitovu cha gurudumu humwondolea mtu kazi ya kutafuta umeme wa kuchajia taa.

Kusimama kumoja kunastahili kuachwa kwenye ratiba. Vijijini Bretagne watu huweka meza mbele ya nyumba, usiku na mchana, wakagawa kahawa, maji na chapati za maziwa bila malipo. Wengine huomba tu watumiwe kadi kutoka nchi ya mgeni. Dakika 10 hapo zimetumika vizuri kuliko 40 za foleni ya sinia za plastiki. Mtu aliyeisafiri njia hiyo bila kuketi kwenye meza hata moja ameinyima safari yake sehemu yake bora.

Mwaka 2007 mvua ilinyesha karibu safari nzima, na zaidi ya robo ya walioanza hawakumaliza. Mvua haipunguzi sana kasi ya gurudumu. Inarefusha kila kusimama: kuvua, kukamua, kutafuta joto, kuahirisha kutoka. Anayejiandaa kwa safari ya 2027 na akaona mawingu asubuhi ya safari yake ya kilomita 600, asiiahirishe. Avae koti, aondoke, na kituoni ajipime kwa saa inamchukua muda gani kurudi barabarani akiwa amelowa.