Nywele Hazikufa: Kasoro za Tafsiri Moja ya Kitabibu

Tumepokea tafsiri ya maelezo apewayo mgonjwa aliyepandikizwa nywele. Lugha yake ni nyepesi, ila istilahi zake zina kasoro mbili zisizofaa kunyamaziwa.

Kwanza, kila ugonjwa wa ngozi ya kichwa umeitwa “mba”. Mba ni magamba yanayobanduka. Mapunye ni ugonjwa wa kuvu. Huambukiza, na kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza. Ama vipele vya usaha vinavyoweza kuzuka baada ya upandikizaji, hivyo si mba wala mapunye. Jina moja kwa maradhi matatu humpa mgonjwa dawa isiyo yake.

Pili, imeandikwa kwamba baada ya wiki chache nywele zilizopandikizwa “hufa”. Sivyo. Kinachoanguka ni unywele. Kinyweleo, yaani kifuko kinachouotesha, hubaki hai kikipumzika. Nywele huanza kuchipua baada ya miezi 3 au 4, na matokeo kamili huonekana takriban miezi 12 au zaidi.

Twapendekeza “kupukutika”. Mti hupukutisha majani, wala hatuuiti mfu. Aliyeambiwa “zimekufa” hatasubiri.