Usinunue Vijiti: Namna ya Kupima Betri ya Padi Isiyo na Waya

Padi iliyokwisha kutumika huuzwa kwa ushahidi mmoja: muuzaji huwasha mashine, vijiti vitatu vya betri vinajaa kwenye skrini, mnunuzi anatoa pesa. Ushahidi huo ni hafifu, kwa kuwa vijiti hueleza chaji iliyomo sasa, si uwezo uliobaki kwenye betri. DualShock 4 ya PlayStation 4 ilitoka kiwandani na betri ya miliampia-saa 1000. Hata uwezo huo ukipungua nusu kwa uchakavu, betri ikichajiwa hadi mwisho vijiti vitatimia vilevile.

Chanzo ni kwamba vipimo vya namna hii kwa kawaida huegemea volti. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti kama 4.2, hushuka ikakaa muda mrefu karibu na 3.7, kisha huporomoka. Ndiyo maana kijiti cha mwisho huweza kuisha ghafla. Padi za Xbox zinazotumia betri mbili za AA nazo zina mtego wake: betri ya alkali huanza na volti 1.5 na kushuka taratibu, lakini ile ya kuchaji ya nikeli hukaa karibu na 1.2, hivyo skrini inaweza kuipunja betri nzima.

Wapo watakaosema basi tuangalie ukubwa wa betri ulioandikwa. Huo nao hautoshi. Joy-Con ya Nintendo Switch ina miliampia-saa 525 tu, na Nintendo yenyewe huitaja kudumu saa 20 hivi. DualShock 4, yenye karibu mara mbili ya hizo lakini ikibeba taa, spika na injini za mtetemo, haifiki huko. Kinachohukumu ni jinsi betri inavyostahimili padi inapofanya kazi. Ichaji ijae, chomoa waya, weka gemu lenye mtetemo mwingi, kisha fuatilia vijiti. Kwenye PS5 bonyeza kitufe cha PS mara moja, menyu itatokea chini ya skrini. Kijiti kikipotea padi inapotetemeka na kurudi inapotulia, betri imechoka: inashindwa kushikilia volti ikibebeshwa mzigo.

Mwingine atasema betri mbovu si hoja, utacheza na waya. Sawa, ila basi lipa bei ya padi ya waya, na ukague tundu la chaji, maana ndilo litakalobeba kazi yote. Na muuzaji akidai hana muda? Nusu saa ya mtetemo inatosha kuifichua betri iliyochoka sana. Akikataa hata hiyo nusu saa, toa gharama ya betri mpya kwenye bei, au mwachie padi yake.