Lugha ya Mawe ya Ukumbusho: Kutoka Mnara wa Askari hadi Mabanga

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuyapita maandishi ya minara kana kwamba si kazi ya lugha. Hata hivyo, jiwe la ukumbusho lina msemaji, lina wanaosemwa na lina hadhira. Kwa hiyo lahakikika. Mnara wa Askari wa Nairobi, uliosimamishwa mwaka 1928, ni mfano unaofaa. Pamoja na sanamu zake 3 za shaba pana maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya hati za Kiarabu. Yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling.

Humo wapagazi wa Vita Kuu ya 1914–1918 wanafananishwa na miguu na mikono ya jeshi. Sitiari hii inasifu na kudhalilisha kwa pamoja, maana kiungo hakiulizwi kinakopelekwa. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, vingi kwa maradhi. Nchi ya Bungoma, iliyokuwa wakati ule ndani ya wilaya ya North Kavirondo, nayo ilitoa watu wake, na si wote waliokwenda kwa hiari.

Kisha maandishi yanageuza nafsi. Marehemu wametajwa katika nafsi ya tatu. Ghafla sentensi ya mwisho inamgeukia msomaji kwa nafsi ya pili na kwa sharti: akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Hapo ndipo penye kasoro. Ahadi ni ya jina, na juu ya jiwe hakuna jina la mpagazi hata mmoja. Anayesemeshwa si mfu, bali ni askari wa vita vijavyo.

Lugha ya watu ilifanya kazi bora zaidi. Carrier Corps ikawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Jina la kikosi likawa mtaa na soko, wala hakuna kamati iliyolisanifu.

Njia hiyo hiyo ya kukumbuka kwa jina la mahali ilionekana Bungoma mwaka 2011. Baada ya mapigano ya Mlima Elgon ya 2006–2008, mkataba wa amani uliofikiwa katika chuo cha serikali cha kufunzia wakulima uliitwa Mkataba wa Mabanga. Atakayetunga maneno ya jiwe kwa uwanja kama ule itambidi aamue kama waliokufa watatajwa kwa majina au kwa wingi tu, na kama Kibukusu na Kisabaoti vitakaa sawa na Kiswahili. Kiswahili hakikuwa lugha ya upande mmoja katika mgogoro ule. Faida hiyo hupotea pale kinapofuata nyayo za Kiingereza neno kwa neno, kama kilivyofanya Nairobi.