Kutoka "Mimi" hadi "Sisi": Askari Mgambo katika Fasihi ya Vita vya Kagera

Fasihi andishi ya Kiswahili kuhusu Vita vya Kagera (1978–1979) inaelekea kumtangaza adui kuliko askari. Henry Muhanika aliuita utungo wake wa 1981 Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Baldwin Mzirai alikiita kitabu chake cha 1980 Kuzama kwa Idi Amin. Katika vichwa vyote viwili Amin ndiye kikomo cha safari. Kijana aliyetolewa shambani akafunzwa kushika silaha hatajwi. Makala hii inadai kwamba kijana huyo yumo, ila katika utanzu ambao wahakiki wameuona mwepesi mno: wimbo wa mchakamchaka.

Mafunzo ya mgambo yalipata msukumo katika Mwongozo wa TANU wa 1971. Hivyo, vita vilipozuka Oktoba 1978, wakulima wengi walikuwa wamekwisha kukimbia kwa wimbo kabla ya kuitwa jeshini. Utanzu huu una kanuni zake. Mwanzilishi hutoa, kundi huitikia, na urefu wa mshororo hupimwa kwa hatua na pumzi, si kwa mizani ya utenzi. Wimbo haukusimulia mafunzo tu. Ulikuwa sehemu yake.

Kwa kijana wa Bukoba au Muleba jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Wahaya wana ebyebugo, majigambo ambayo mwanamume huyatamka mbele ya mtawala akijitaja na kuahidi ushujaa. Huko msemaji ni "mimi". Katika mchakamchaka ni "sisi", na jina linalovuma, hata katika nyimbo zilizofika shuleni, ni la Idi Amin. Yaweza kudaiwa kwamba kiitikio kilimmeza mtu binafsi. Lakini mwanzilishi alikuwa na nafasi ya kubuni papo hapo, na katika nafasi hiyo hofu, uchovu na dhihaka vingeweza kupenya.

Makaburi ya mashujaa ya Kaboya, Muleba, yanahifadhi kumbukumbu ya waliokufa, hayahifadhi sauti. Utafiti wa Mulokozi kuhusu enanga za Wahaya (1986) ulikwisha tuonyesha thamani ya kumsikiliza fanani. Waliofunzwa wakiwa na miaka 20 sasa wanakaribia 70. Tukiendelea kungoja maandishi, tutabaki na fasihi inayomjua Amin vyema na kumsahau aliyempiga.