Sifa ya Buti la Kushonwa

Katika nchi ya Mwese, iliyoko milimani kati ya Mpanda na Ziwa Tanganyika, mtu wa kawaida hana kiatu cha matembezi na kingine cha kazi: buti lile lile lililompandisha mlima alfajiri, umande ungali majanini, ndilo litakalokaa naye katika kahawa na maharage kutwa, ndilo litakalompeleka kwa mtendaji wa kata akiwa na shauri, na ndilo litakalomngoja mlangoni mwa nyumba ya ibada. Kwa hiyo kulichagua si jambo la anasa wala la urembo, na fundi alishonaye anastahili heshima kubwa kuliko hii tunayompa.

Tarikhi ya milima hii ina ushahidi wa jambo hilo. Mwezi wa Januari 1872, wakati wa mvua, wasafiri David Livingstone na Henry Morton Stanley waliondoka ufukoni mwa ziwa wakaikata kwa miguu nchi iliyokuwa ikiitwa Ukawendi, wakielekea Unyanyembe, upande wa Tabora. Stanley ameandika kwamba miguu ya mwenzake ilichubuka ikatoka damu, na kwamba viatu vyake alikuwa amevichanachana kwa kisu ili malengelenge yapate nafasi, hata hapakuwa na mmoja katika msafara ambaye angevipokea kwa bure. Walipowasili Unyanyembe tarehe 18 Februari, katika shehena iliyokuwa ikimngoja Livingstone mlikuwa na jozi mbili za mabuti mazuri ya Kiingereza, ihsani ya rafiki yake Horace Waller, naye hakuona haya kuiandika furaha yake katika daftari la safari. Msafiri aliyekwisha kulivuka bara zima alijua thamani ya mshono mwema kwa sababu nyama ya miguu yake ilikuwa imemfundisha.

Sasa na tuutazame mshono wenyewe, maana ndiko uliko ustadi wote. Fundi huivuta ngozi ya juu kwa koleo juu ya kalibu ya mti yenye umbo la mguu, akaikaza mpaka isibaki kunyanzi hata moja; kisha hushona ukanda mwembamba wa ngozi kulizunguka buti, mshono wa kwanza ukifunga pamoja ukanda, ngozi ya juu na soli ya ndani; halafu soli ya nje huishona kwenye ukanda huo peke yake, kwa mshono wa pili unaoonekana nje. Soli ikilika kwa mawe, mshono wa nje hukatwa, soli kuukuu ikaondolewa na mpya ikashonwa mahali pake, wakati ngozi ya juu, iliyokwisha kuuzoea mguu wa mwenyewe kwa kila kifundo na kila kidole, haiguswi. Buti la gundi halina fadhila hiyo: joto na maji vikiilegeza gundi, fundi hana ukanda wa kupitishia uzi. Kazi ya kuvuta ngozi juu ya kalibu ilikuwa nyeti hata ikadhaniwa haitawezwa na mashine, mpaka mwaka 1883 Jan Matzeliger, mzaliwa wa Suriname ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiafrika, alipopewa hataza ya mashine ya kazi hiyo huko Marekani. Jina hili natamani lijulikane na kila kijana wetu ashikaye uma na uzi.

Mnunuzi naye ana ilimu yake. Aende dukani alasiri, mguu ukiwa umekwisha kuvimba kwa mizunguko ya siku, avae na soksi atakazozitumia shambani, kisha alikunje buti kwa mikono: likunjike pale vidole vinapokunjika, lisivunjike katikati. Ulimi uwe umeshonwa pande zote mbili, usipitishe maji wala mbegu za majani. Kisigino kishikwe barabara, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa kuwa mlima wa Mwese hauumizi katika kupanda kama unavyoumiza katika kushuka. Katika mabuti ya mitumba, ambayo mengi ni mema kweli, ahadhari na soli nyepesi za povu la plastiki: baadhi yake huoza kwa unyevu na umri hata zisipovaliwa, zikapukutika njiani. Gambuti ni rafiki wa matope, walakini mwendo mrefu ndani yake huuchemsha mguu kwa jasho.

Akishanunua, asilianike motoni. Ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa moto hukakamaa na kupasuka; buti lijazwe karatasi, liwekwe kivulini, kisha lipakwe mafuta yaliyochanganywa na nta. Na nta haitafutwi mbali, maadam misitu ya miyombo ya mkoa wetu wa Katavi ni nchi ya mizinga. Nta hiyo hiyo ndiyo upakwayo uzi wa kushonea ili upite laini katika tundu, uzuie maji na usilike upesi.

Hapo ndipo moyo wangu unapopata uchungu. Ng'ombe wamejaa katika mkoa huu, nta ipo, matairi makuukuu yanayotoa soli ngumu yapo, na chini ya miti ya sokoni wako mafundi wanaoweza kulifufua buti lililokwisha kukatiwa tamaa. Ila ngozi zetu aghalabu hutoka zikiwa mbichi, au huozea machinjioni, nasi tukanunua mabuti yaliyotoka ng'ambo. Mwanza kipo chuo kinachofundisha kazi ya ngozi, katika kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Laiti halmashauri ingemteua kijana mmoja wa Mwese mwenye mkono mtulivu, ikamlipia karo na nauli, na arudipo ikampa kalibu za saizi zote na cherehani ya ngozi.