Jiwe la Kesho

Karibu na mwanzo wa mwaka 2004 sonara mmoja wa Montrose, kitongoji kilicho jirani na Pasadena huko California, alipata wateja wa ajabu. Walitaka saa za mkononi zinazochelewa. Zisichelewe ovyo kama saa mbovu, bali dakika 39 na ushee kila siku, bila kuzidi wala kupungua. Wateja hao walikuwa watu wa maabara ya JPL, na vigari vyao viwili, Spirit na Opportunity, vilitua Mirihi Januari ya mwaka huo. Siku ya Mirihi ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Wenye kazi huiita soli, na msomaji asifikirie viatu.

Saa zilipatikana; miili ndiyo iliyogoma. Mtu anayefuata soli akiripoti kazini leo saa mbili asubuhi, baada ya siku 18 hivi ataripoti saa mbili usiku, na baada ya nyingine 18 amerudi alikoanzia. Madirisha yalizibwa mapazia mazito ili jua la California lisimkumbushe mtu kwamba nje ni mchana. Watoto walikula chakula cha jioni, na mzazi wao naye akiamka kunywa chai.

Miongoni mwa watu hao, na wa timu zilizofuata za Curiosity iliyotua Agosti 2012 na Perseverance iliyotua tarehe 18 Februari 2021, kuna kundi ambalo magazeti hulipita. Wakuu wa misheni hutajwa kwa majina. Wahandisi huonyeshwa wakikumbatiana siku ya kutua. Mtafiti wa baada ya uzamivu haonekani. Joho ameshalivaa, anaitwa Daktari, lakini meza anayokalia ni ya kuazima na mkataba wake ni wa miaka miwili, pengine mitatu. Mafundi wa Pwani wangemtambua mara moja. Ni mwanagenzi aliyekwisha kufuzu na kutoa kilemba cha fundi wake, ila karakana yake mwenyewe hajaifungua. Kwa sasa anafanya kazi katika karakana ya mwingine, na hapo ndipo mkono wake unapokomaa.

Kigari hakiendeshwi kwa usukani. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kutegemea sayari hizi mbili zimekaaje, na hakuna dereva awezaye kukanyaga breki kwa ajili ya shimo aliloliona dakika ishirini baadaye. Kwa hiyo kazi huenda kwa barua, kama zamani mfanyabiashara wa Unguja alivyoandika kwenda Maskati: jahazi likaondoka na kusi, majibu yakaja na kaskazi. Amri za siku nzima hutumwa asubuhi ya Mirihi, kigari kinapoamka. Kinazitekeleza peke yake. Alasiri satelaiti inayopita juu yake hupokea picha na vipimo na kuvirusha duniani, ambako antena kubwa za California, Hispania na Australia hupokezana kusikiliza kadiri dunia inavyojizungusha.

Hapo ndipo zamu ya mtafiti wetu inapoanza. Siku moja hupewa kukagua kilichoingia: je, kifaa ni kizima, kivuli cha mkono wa kigari hakikuangukia jiwe, picha zote zimefika? Siku nyingine yeye ndiye mtunza mpango, yule anayeandika kila ombi kwenye orodha, akajumlisha dakika, umeme na ukubwa wa data, kisha akawaambia wakubwa wake kwa adabu kwamba haviingii. Curiosity hula joto la plutoni. Ilipotua, jenereta yake ilitoa wati 110 hivi, umeme usiotosha kupasha pasi ya nguo, na kila mwaka unapungua. Anayeomba picha moja zaidi ya machweo amechukua dakika za mwenzake.

Husemwa penye wengi hapaharibiki neno. Katika mkutano wa kupanga kazi ya siku neno huharibika upesi sana. Mjiolojia anataka mkono ushuke juu ya jiwe. Mtu wa hali ya hewa anataka kuhesabu vumbi na mawingu. Dereva anataka kuondoka. Mmoja yuko Pasadena na kahawa ya asubuhi, mwingine yuko Toulouse na wanawe wanamwita mezani kwa chakula cha jioni. Katikati ya kelele hizo mtafiti ana dakika chache za kulitetea jiwe lake, na ufundi wake wote huonekana humo: aseme kwa nini hili na si lile lililo kando yake, tutajifunza nini likitoka na kalsiamu nyingi, na tutajifunza nini lisipotoka nayo. Swali ambalo jibu lake litakuwa lilelile vyovyote iwavyo huondolewa kwenye orodha, na linastahili kuondolewa. Vyuo vingi vinafundisha kujibu maswali. Kuna karakana chache sana zinazomfundisha mtu, siku baada ya siku, kuuliza swali linalostahili umeme wake.

Tutazame amri moja kwa karibu. Juu ya mlingoti wa Curiosity kuna kifaa kiitwacho ChemCam, na waendeshaji wake hupokezana zamu kati ya Los Alamos, Marekani, na Toulouse, Ufaransa. Kinapiga jiwe kwa leza kutoka umbali usiozidi mita 7. Mahali panapopigwa si pakubwa kuliko nukta ya mwisho wa sentensi hii. Kwa kawaida hupigwa mara 30 palepale. Kila pigo hugeuza chembe ya jiwe kuwa mvuke unaong'aa kwa nukta ya sekunde, darubini ikakusanya mwanga ule, na rangi zake zikataja elementi zilizomo. Mapigo matano ya mwanzo huwekwa kando kwa sababu yanagonga vumbi, na vumbi la Mirihi ni lilelile kila uendako. Jiwe huanza kusema baada ya hapo.

Kwa kawaida si mashine inayochagua mstari wa nukta upite wapi. Mtafiti anakuza picha hadi kila punje ionekane, anauona mshipa mweupe mwembamba kama uzi uliokatiza mwamba, anaulaza mstari wa nukta tano ili mbili ziangukie mwamba, moja mshipa wenyewe, na mbili zilizobaki upande wa pili. Akikosea kwa milimita moja amepata habari za mwamba mara tano. Akilenga, amepata ulinganisho. Ndivyo mishipa meupe ya eneo la Mirihi liitwalo Yellowknife Bay ilivyotambuliwa mwaka 2013 kuwa salfeti ya kalsiamu, jamaa ya jasi tunayopigia plasta, ishara kwamba maji yaliwahi kupita katika nyufa za miamba ile na kuacha chumvi yake humo.

Halafu kuna raha ndogo ya majina. Eneo la kazi hukatwa miraba kwenye ramani, kila mraba ukapewa jina la mahali fulani duniani, na mawe yaliyomo yakaitwa kwa majina ya huko. Si majina rasmi. Ni ya kuelewana kazini. Mwaka 2016 Curiosity ilikuwa kusini mwa Afrika kwa namna hiyo: ilitoboa Lubango, Okoruso, Oudam, Marimba, Quela na Sebina, majina yaliyotoka Angola, Namibia na Botswana. Marimba ni mji wa Angola, ingawa msomaji wa Kiswahili atasikia ala kabla ya kuuona mji. Kijana aliye na shahada ya mawe anajikuta akiandika katika ripoti yenye uzito wote kwamba leo Marimba imetoa unga mzuri.

Si kila kinachogunduliwa hutokana na akili ya mkutano, tuseme kweli. Gurudumu la mbele la kulia la Spirit lilikufa mwaka 2006, kigari kikawa kinalivuta kama mguu ulioteguka. Mwaka uliofuata gurudumu hilo lililokufa lilichimbua mfereji na kufunua udongo mweupe uliojaa silika, alama ya chemchemi za moto au mvuke wa zamani. Tarehe 30 Mei 2024 Curiosity nayo ilipanda juu ya jiwe, ikalipasua, na ndani mkawa na fuwele za njano: salfa tupu, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona Mirihi. Magurudumu ni wanajiolojia wasio na shahada. Lakini jiwe lililopasuka halijitangazi. Lazima mtu wa zamu azipitie picha za nyuma ya kigari, ambazo wengine wangezifunga, na aseme: ngojeni, ile rangi ni nini?

Kama kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha kazi hii ilivyo, ni Abigail Fraeman. Usiku Opportunity ilipotua, Januari 2004, alikuwa mwanafunzi wa sekondari aliyechaguliwa na wenzake wachache kuushuhudia mtuo huo akiwa JPL. Alisoma, akaingia uzamivu, na mwaka 2013 aliongoza makala kuhusu ukingo mmoja wa miamba kwenye Mlima Sharp, ndani ya kreta ya Gale. Vipimo vya satelaiti vilionyesha hapo hematiti, madini ya chuma yenye wekundu wa kutu, ambayo mara nyingi huzaliwa palipo na maji. Ukingo huo una urefu wa kilomita 6.5 hivi. Yeye aliuona kutoka juu tu, kama mtu anayesoma paa za mji kutoka kwenye ndege.

Kisha alifanya kazi ya baada ya uzamivu Caltech, akaingia JPL, na mwezi Septemba 2017 Curiosity ilianza kuupanda ukingo uleule, uliokuwa umeshapewa jina la mwanaastronomia Vera Rubin. Fraeman aliongoza kampeni ya kuuchunguza. Ni wangapi hupata bahati hiyo, kuandika juu ya kilima wakiwa wanafunzi na kisha kupeleka kigari kikakigonge?

Ila kigari kilifika keekee yake ikiwa haifanyi kazi. Tangu Desemba 2016 mota inayousukuma mdomo wa keekee mbele ilikuwa imegoma. Wahandisi walikaa zaidi ya mwaka na pacha wa Curiosity aliyebaki duniani, wakikifunza kigari kusukuma kwa mkono wake mzima, kama seremala anavyoegemea keekee kwa kifua. Wakati huo Curiosity iliupita ukingo bila kuutoboa. Keekee ilipopona, timu ilifanya jambo ambalo misheni za namna hii hulikwepa: ilirudi nyuma. Ilishuka, na Mei 2018 ikatoboa jiwe la Duluth katika tabaka la chini, ikapanda tena. Ukingoni mwamba ukakataa. Mwamba ulioitwa Voyageurs ulishinda. Ailsa Craig ulishinda.

Hakuna kipimo cha kujua ugumu wa mwamba kabla ya kuutoboa, kwa hiyo ilibidi wakisie kwa macho. Walifikiri hivi: kingo zilizochomoza huenda ni ngumu, ndiyo maana upepo haujazila, basi tujaribu chini kidogo ya ukingo uliochomoza. Wazo dogo ambalo mchonga mawe yeyote angelielewa. Agosti 2018, mahali palipoitwa Stoer, keekee ilizama. Inverness ikakataa tena. Highfield ikakubali Novemba, Rock Hall Desemba.

Na jibu lilipokuja lilikuwa kinyume na matarajio. Kwa hematiti, ukingo haukuipita sana miamba ya chini yake kama ramani ya satelaiti ilivyodokeza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalielekeza kwenye maji ya chini ya ardhi yaliyokuja baadaye, yakaugumisha mwamba na kubadili punje zake, kiasi kwamba kutoka juu ulionekana tofauti kuliko ulivyo. Sehemu ya kile kilichoonekana kuwa wingi wa madini ilikuwa ukubwa wa punje na usafi wa uso wa jiwe. Kuna wasomi ambao wangeona haya. Katika karakana hii ndivyo kazi njema ilivyo: makala ya kwanza ilituambia mahali pa kugonga, nyingine zikatueleza kilichoitika.

Opportunity, ambayo Fraeman aliishuhudia ikitua, ilikuwa imepangiwa soli 90. Ilinyamaza tarehe 10 Juni 2018 ndani ya tufani ya vumbi, ikiwa imetembea zaidi ya kilomita 45, na ilipotangazwa Februari 2019 kuwa imekwisha, Fraeman alikuwa naibu mwanasayansi mkuu wa misheni hiyo. Curiosity ingali inapanda. Katika miaka yake 13 ya kwanza ilitembea zaidi ya kilomita 30, mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima huumaliza kwa siku moja. Kila mita ilijadiliwa.

Tundu la Highfield liko palepale kwenye mwamba wa kijivu, upana wake sentimita 1.6.