Hikima ya Kuizuia Nguvu

Mwenye kuyatazama majabali ya matale yaliyolizunguka ziwa Singidani, huenda akadhani ni mawe yaliyotupwa pasipo mpango; kumbe ni sehemu ya msingi mkongwe wa bara hili, ulioganda zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Chini ya misingi ya namna hiyo, katika kina cha kilomita 150 hivi, penye joto lipitalo nyuzi 1,000 za Selsiasi na shinikizo lipatalo mara 50,000 ya lile la hewa tuivutayo, kaboni, ile ile ya masizi ya chungu, hujipanga ikawa almasi. Milipuko ya kale ndiyo iliyofungua njia za kuipandisha juu, zilizojaa mwamba wa kimbalaiti, unaopatikana Iramba na Singida kama upatikanavyo kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, ingawa si kila njia iliyobeba johari.

Binadamu alipotamani kuiga kazi hiyo, kilichomshinda si nguvu, bali chombo cha kuihifadhi. Percy Bridgman wa Harvard, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1946, alibuni kizibo ambacho kadiri kisukumwavyo ndivyo kizidivyo kukaza, hata shinikizo lililotaka kukivunja chombo likawa ndilo mlinzi wake. Almasi yenyewe hakujaaliwa kuitengeneza. Waswidi waliifikia mwaka 1953 pasipo kutangaza. Na tarehe 16 Desemba 1954, katika maabara ya General Electric huko Schenectady, Marekani, Tracy Hall aliipata kwa chombo kilichovikwa pete za chuma zilizokazwa, ambamo kaboni iliyeyukia katika madini ya moto, ikaganda upya kwa umbo jingine.

Ustadi haukukoma katika kuiga. Mwaka 1957 Robert Wentorf aliikamiza nitridi ya boroni ikawa fuwele ambayo wakati ule haikujulikana popote duniani: kwa ugumu yaikaribia almasi, na hukikata chuma cha pua kilichopata moto, kazi ambayo almasi haiiwezi, kwa kuwa kaboni yake huliwa na chuma.

Basi sifa kubwa ya mafundi hawa, kwa maoni yangu, haimo katika ukali wa moto wala uzito wa shinikizo, maana volkano ina vyote viwili na huharibu. Sifa yao ni adabu ya kuituliza nguvu pande zote kwa usawa, hadi chembe zipate nafasi ya kujipanga. Kijana wa Iramba afundishwe hayo juu ya mawe ya kwao, kwani elimu ya nguvu isiyo na elimu ya kuizuia ni nusu ya elimu.